Sugar Land, Texas: mji uliokua juu ya sukari na juu ya watu wasiotajwa



Kusini-magharibi ya Houston, kiasi cha kilometa 30 kutoka katikati ya mji, kuna mji unaoitwa Sugar Land. Jina lenyewe maana yake ni "inchi ya sukari". Ni mji wa barabara pana, nyumba za matofali zenye bustani, maziwa ya kuchimbwa na shule zenye sifa. Mtu akisema anaishi kule, watu wanaelewa kwamba maisha yamemnyookea. Mwaka 1960 ulikuwa na wakaaji 2,802 tu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walikutwa 111,026.

Ukiuliza mji huu ulikua namna gani, jibu la haraka ni hili: kwanza kampuni ya sukari, halafu barabara kubwa, halafu wajenzi wa nyumba. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka watu. Na mwaka 2018 wale waliorukwa walitokea wenyewe chini ya udongo, mahali palipokuwa panajengwa shule. Ninaandika leo juu ya kuonyesha kwamba watu wale hawakusahaulika kwa bahati mbaya tu. Karibu kila hatua ya kukua kwa mji ilisaidia kuwasahau zaidi.

1. UDONGO WA MTO

Mambo yanaanzia ku mto Brazos na kijito kinachoitwa Oyster Creek. Udongo wa mabondeni kule ni mweusi, mzito, wenye rutuba. Miaka ya 1820 Texas ilikuwa bado sehemu ya Meksiko, na serikali ya Meksiko ilimruhusu Stephen F. Austin kuleta walowezi kutoka Marekani. Msaidizi wake, Samuel May Williams, alipewa ardhi hapo mwaka 1828. Ndugu zake ndio walioanza kuilima, wakapanda pamba, kisha miwa. Kampuni ya Imperial Sugar, ambayo tutaiongelea chini, inahesabu mwanzo wake tangu 1843, mwaka ambao sukari ilianza kutengenezwa pale.

Nani alikata ile miwa? Watumwa Weusi. Meksiko ilitangaza kufuta utumwa mwaka 1829, lakini walowezi wa Texas walipata ruhusa ya kuendelea nao. Walipojitenga na Meksiko mwaka 1836, katiba yao mpya ililinda utumwa waziwazi. Kwa hiyo, mtu akikuambia Texas ilipigania uhuru, mwulize vizuri: uhuru wa nani?

Miwa ni zao gumu. Ikishakatwa, haiwezi kungoja. Inabidi isagwe haraka kabla maji yake hayajaharibika, tena kabla baridi haijafika. Wakati wa mavuno watu wanafanya kazi usiku na mchana, kati ya moto na mvuke. Ndiyo maana katika historia ya Amerika yote, kutoka Brazili mpaka Kuba mpaka Louisiana, sukari na kazi ya nguvu vilitembea pamoja. Mtu mwenye uhuru wa kuchagua, mara nyingi alichagua kwenda kwingine.

2. SHERIA ILIYOACHA MLANGO WA NYUMA WAZI

Tarehe 19 Juni 1865, jeshi la Kaskazini lilitangaza katika Galveston kwamba watumwa wote wa Texas wako huru. Mwisho wa mwaka uleule, Rekebisho la 13 la Katiba ya Marekani lilifuta utumwa. Lakini lilisomeka hivi kwa ufupi: utumwa umekatazwa, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa.

Wandugu, mlango mzima ulipitia katika lile neno "isipokuwa".

Mwaka 1866 bunge la Texas lilipitisha sheria ambazo ziliwalenga Weusi waliotoka utumwani. Mtu asiye na kazi aliweza kukamatwa kama mzururaji. Kosa dogo la wizi liliweza kumpa mtu miaka mingi gerezani. Magereza yakajaa, na serikali haikuwa na makuta ya kulisha wafungwa. Suluhisho lao likawa kuwakodisha kwa matajiri wenye mashamba.

Mwaka 1878 Edward H. Cunningham, ambaye alikuwa afisa katika jeshi la Kusini, pamoja na mwenzake Littleberry A. Ellis, walifunga mkataba na serikali ya Texas. Walikodi wafungwa wa jimbo zima. Tena, apana wafungwa mia moja au mia mbili: wote. Wengine waliwakodisha tena kwa watu wengine, na wengine waliwabakiza ku mashamba yao ya miwa, pale ambapo leo ni Sugar Land. Zaidi ya nusu ya wafungwa hao walikuwa Weusi, ingawa Weusi hawakufika nusu ya wakaaji wa Texas.

Kuna jambo moja la kuelewa vizuri hapa. Bwana wa zamani alimnunua mtumwa kwa bei kubwa, kwa hiyo kifo chake kilikuwa hasara. Mwenye kukodi mfungwa hakununua kitu. Mtu akifa, anaombwa mwingine. Basi wafungwa walifanya kazi ndani ya maji ya mashamba, wakiumwa na mbu, wakipigwa na kapita, wakilala katika vibanda vilivyofungwa kwa nje. Malaria, kuhara, jua kali, risasi kwa wanaotoroka. Kati ya 1866 na 1912, zaidi ya wafungwa 3,500 walikufa katika Texas. Watu wenyewe waliliita eneo lile shimo la jehanamu kando ya Brazos.

Na pesa zilizotoka mule ndizo zilizosimamisha kiwanda. Cunningham alijenga mtambo mkubwa wa kusafisha sukari, akaleta na reli. Mashine zile zilinunuliwa kwa jasho ambalo halikulipwa.

3. NA KURA JE?

Mtu atauliza: wale watu hawakuwa na wa kuwasemea? Kwa muda, walikuwa naye. Sugar Land iko ndani ya wilaya ya Fort Bend, ambako Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu. Baada ya vita, walipopata haki ya kura, walichagua watu wao. Walter Moses Burton, aliyezaliwa mtumwa, alichaguliwa kuwa mkuu wa polisi wa wilaya ile mwaka 1869, halafu akaingia katika seneti ya Texas, akakaa humo mpaka 1882.

Wazungu wengi wenye mali hawakukubali hali hiyo. Mwaka 1888 na 1889 kulitokea mapigano makali mjini Richmond, makao makuu ya wilaya, kati ya makundi mawili: Jaybirds, waliotaka kuwaondoa Weusi katika uongozi, na Woodpeckers, walioshika madaraka kwa kura za Weusi. Jaybirds walishinda. Waliunda chama chao cha Wazungu peke yao, na hicho chama kikawa kinachagua wagombea kabla ya uchaguzi wenyewe. Mtu Mweusi aliweza kupiga kura siku ya mwisho, lakini mambo yalikuwa yameshakatwa kitambo.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 60. Ilikomeshwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1953, katika kesi inayoitwa Terry v. Adams. Fikirieni vizuri: tangu mwaka 1889 mpaka 1953, wilaya nzima iliongozwa na watu ambao hawakuhitaji hata kura moja ya mtoto wa mfungwa au mjukuu wa mtumwa. Katika hali kama hiyo, nani angeweka alama ku kaburi la mkata miwa?

4. KAMPUNI YENYE MJI WAKE

Mwanzoni mwa karne ya 20, Isaac H. Kempner wa Galveston na mwenzake William T. Eldridge walinunua mashamba ya Ellis na ya Cunningham pamoja na kiwanda. Hapo ndipo ilipozaliwa Imperial Sugar Company. Wao waliona kwamba kiwanda cha kisasa hakiwezi kutegemea wafungwa siku zote. Walitaka wafanyakazi wenye familia, watakaokaa.

Wale ndugu waliokulia katika kambi za Gécamines, Likasi, Kolwezi au Lubumbashi, wataelewa hesabu hiyo bila maelezo marefu. Kampuni ilikuwa na nyumba, ikakupangisha. Ilikuwa na duka, ukanunua humo. Ilikuwa na shule, hospitali, benki. Mtoto alizaliwa ndani ya kampuni na akakua ndani ya kampuni. Kazi ilikuwa na usalama fulani, ambao wazee wa kule mpaka leo wanaukumbuka kwa upendo, na haki yao. Lakini Wazungu, Weusi na Wameksiko walikaa sehemu mbalimbali, na mwenye nyumba ndiye alikuwa pia mwenye mshahara.

Wafungwa nao hawakuondoka. Mwaka 1908 serikali ya Texas ilinunua sehemu ya mashamba yale ikafungua gereza lake lenye shamba. Kukodisha wafungwa kwa watu binafsi kulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, lakini sasa serikali yenyewe ndiyo ilikuwa mwenye shamba. Mwimbaji Lead Belly, mmoja wa wakubwa wa muziki wa Weusi wa Marekani, alifungwa pale miaka ya mwanzo ya 1920, mpaka gavana Pat Neff alipomsamehe mwaka 1925.

Katika miaka ya 1920 miwa yenyewe iliisha. Magonjwa ya mmea na hasara viliwachosha wakulima. Kiwanda kikaendelea kwa kusafisha sukari mbichi iliyoletwa kwa meli mpaka Galveston. Mwaka 1925 lilijengwa jengo refu la matofali mekundu la kuchujia sukari. Jengo hilo lipo mpaka leo, na ndilo picha ambayo kila mtu anaijua ya Sugar Land.

5. KITONGOJI KINAVYOZALIWA

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kampuni ilianza kuuza zile nyumba kwa wakaaji. Mwaka 1959 Sugar Land ikawa mji rasmi wenye meya na baraza. Houston ilikuwa inapanuka kwa nguvu za petroli, na barabara kubwa ya kusini-magharibi ilifanya mtu aweze kufanya kazi Houston na kulala Sugar Land.

Mwaka 1968 kulianza mtaa wa Sugar Creek, wenye uwanja wa golfu. Miaka ya 1970 ikaja First Colony, mradi mkubwa wa Gerald Hines, karibu hektari 4,000 zilizopangwa kabla ya nyumba ya kwanza kusimama: shule hapa, maduka pale, miti namna hii, kuta namna ile. Wakaaji wakatoka 3,318 mwaka 1970 kufika 24,529 mwaka 1990, na 63,328 mwaka 2000.

Ujenzi huu unalipwa namna gani? Texas haina kodi ya jimbo ku mishahara, basi kodi ya nyumba ndiyo inabeba mambo mengi, hasa shule. Mwenye mradi anaomba kuundwa kwa wilaya ndogo ya maji. Wilaya hiyo inakopa pesa, inajenga mabomba na mitaro, halafu wanunuzi wa parseli wanalipa deni pole pole kupitia kodi. Kuna wilaya nyingine za tuta, zinazozuia mto Brazos usiingie ndani ya nyumba. Agosti 2017, wakati wa kimbunga Harvey, ndipo watu wengi walipokumbuka kwamba wanaishi katika bonde la mto, lile lile ambalo rutuba yake ilileta miwa. Mwezi Desemba mwaka uleule, mji ulimeza mitaa ya jirani ya New Territory na Greatwood, na kwa siku moja ukaongeza watu kiasi cha 30,000.

Wakaaji nao walibadilika. Leo zaidi ya theluthi moja ya wakaaji asili yao ni Asia: Wahindi, Wachina, Wapakistani, Wavietnamu na wengine. Mwaka 2024 hekalu moja la Kihindu lilizindua pale sanamu ya Hanuman yenye urefu wa mita 27. Mji ambao zamani kura yake ilikuwa ya rangi moja, sasa una watu wa kila rangi. Hilo ni jambo jema, na tuliseme bila wivu.

Kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 2003. Gereza lilifungwa mwaka 2011. Ardhi ya gereza ilikuwa imeshaanza kuuzwa kwa wajenzi. Jengo moja la gereza, lililojengwa mwaka 1939, sasa ni tawi la makumbusho ya sayansi ya Houston, katikati ya mtaa mzuri unaoitwa Telfair. Watoto wanaenda kuona mifupa ya dinosaria ndani ya buloko la zamani.

6. FEBRUARI 2018

Kulikuwa na mtu mmoja, Reginald Moore. Miaka ya 1980 aliwahi kuwa mlinzi wa gereza. Alichokiona kilimsumbua, akaanza kusoma historia ya magereza ya Texas. Alikuta kwamba kuna makaburi machache yenye alama, ya wafungwa na walinzi, ambayo hakuna aliyeyatunza. Akajitolea kuyatunza. Lakini hesabu ilimkataa: waliokufa ku mashamba yale walikuwa wengi sana, makaburi yalikuwa machache sana. Wengine wako wapi? Kwa miaka mingi alizunguka ofisi za wakubwa akisema: mkijenga hapa, chimbeni kwa uangalifu, kuna watu chini. Wengi walimwona kama msumbufu.

Wilaya ya shule ya Fort Bend ilianza kujenga shule ya ufundi. Februari 2018 mfanyakazi mmoja aliona mfupa ndani ya udongo uliochimbwa. Wataalamu wakaja. Walikuta kaburi moja, kumi, hamsini. Mwishoni walikuwa watu 95. Wataalamu walikadiria kwamba mdogo kabisa alikuwa na miaka kama 14, na mzee kama 70. Mifupa ilionyesha kazi nzito tangu ujana. Vipande vya minyororo vilikutwa. Walikuwa wafungwa waliokodishwa, waliokufa tangu 1878 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Halafu ukaja mgogoro. Shule ilitaka kuendelea kujenga. Kulikuwa na mpango wa kuwahamishia kwenye yale makaburi mengine. Moore na wenzake walisema apana: watu hawa walihamishwa vya kutosha walipokuwa wazima. Mambo yakafika mahakamani. Mwishowe shule ikabadilisha mpango wake, na Novemba 2019 wote 95 wakazikwa tena palepale. Moore alifariki Julai 2020. Aliishi kiasi cha kuona kwamba hakuwa mwongo.

7. TUNABAKI NA NINI?

Mtu anaweza kusema: wakaaji wa leo wana kosa gani? Daktari aliyetoka Hyderabad, injinia aliyetoka Lagos, hawakumpiga mfungwa yeyote. Kweli kabisa. Kosa si lao. Lakini kosa ni kitu kimoja na deni ni kitu kingine. Ukinunua parseli, unarithi mipaka yake, kodi yake, hata deni la mabomba yaliyozikwa kabla hujafika. Hakuna anayelalamika kwamba deni la mabomba si lake. Basi, kwa nini mabomba yahesabiwe katika mali ya mji, na watu waliozikwa karibu nayo wasihesabiwe?

Jambo la pili: serikali ya Texas ilikuwa na vitabu. Wafungwa waliandikwa majina, makosa, siku ya kuingia, mara nyingi hata siku ya kufa. Makaratasi yalikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mtu mwenye cheo wa kuyafungua kabla ya tingatinga kuwasha moto. Watafiti wakaja baadaye kutumia karatasi zile pamoja na vipimo vya damu ya ukoo, ili kutafuta wale 95 ni nani na wajukuu wao wako wapi. Kazi hiyo ingeweza kufanywa miaka 20 mapema, kwa bei ndogo, kama wangemsikiliza mtu mmoja.

Ndiyo maana sikubali mtu akisema kwamba historia ya namna hii inachafua jina la mji. Shule inasimama, wanafunzi wanasoma, nyumba zinauzwa. Kilichobadilika ni kwamba kijana anayejifunza ufundi pale anajua nani alifanya kazi ku udongo ule kabla yake, na hakulipwa.

Wakongomani wengi wamepokelewa katika Houston na pembeni yake. Ninyi mlioko kule, siku mkienda Sugar Land, angalieni lile jengo refu la matofali, halafu mwulize makaburi yako upande gani. Na sisi tuliobaki nyumbani, tunaojenga na kuuza parseli kila siku juu ya kambi za zamani, tujiulize nani ana orodha ya majina.

Mawazo yenu yanakaribishwa, wandugu. Tujadiliane kwa heshima kama kawaida yetu.